Marehemu Aliyekuja na Basi

Mdogo wangu anayeishi Butembo alinitumia picha kwenye simu wiki iliyopita, na chini yake akaandika, akiniita Yaya kama tunavyomwita mkubwa wetu: "Yaya, marehemu wetu amefanywa minisitiri." Niliifungua nimwone huyo waziri. Mjapani wa makamo, suti nyeusi, mvi zimeanza pembeni mwa kichwa, ameinama kidogo mbele ya watu wenye kamera. Masikio yalikuwa yaleyale, makubwa, yametoka nje kana kwamba anasikiliza mambo ya jirani. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka machozi yakanitoka, na hicho kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu tumzike Papa. Kisha nikalia kweli, kwa sababu mtu ambaye ningemwonyesha ile picha kabla ya mwingine yeyote ndiye huyo tuliyemzika.

Nilikuwa na miaka tisa basi lile lilipofika kwetu Majengo, mjini Goma. Papa alikuwa ameendesha magari ya watu kwenye barabara ya Rutshuru tangu ujana wake, na hilo ndilo lilikuwa gari lake la kwanza: basi dogo jeupe, limetoka Japani kwa meli, likapita Mombasa na Uganda kabla ya kutufikia. Usukani ulikuwa kulia na mlango wa abiria ulifungukia katikati ya barabara, lakini kwa hilo hakuna aliyeshangaa, Goma tumezoea kushuka garini huku pikipiki zikitupitia puani. Ndani lilinukia plastiki, sabuni, na kitu kingine kitamu ambacho hadi leo sijui jina lake. Juu ya paa lilikuwa na kitu kama kitanda cha chuma chenye ukingo pande zote nne. Papa alilizunguka mara nyingi sana siku hiyo, kila mara akipangusa mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Mimi ndiye niliyekuta boksi chini ya kiti cha nyuma. Lilikuwa na mfuko wa glavu nyeupe, safi, zimekunjwa mbilimbili. Lilikuwa pia na utepe mpana wa kitambaa cheupe wenye maandishi makubwa ya Kijapani, na karatasi ngumu iliyoviringishwa. Tulipoikunjua, tukamwona kijana wa masikio makubwa anatutazama, amevaa suti, uso umetulia.

Koko, mama yake Papa, aliitwa aje aone. Lazima mjue kwamba Koko alikuwa mkubwa wa akina mama wa parokia wanaoimba kwenye matanga, na katika mambo ya vifo hakuna aliyethubutu kumbishia. Alizishika glavu, akautandaza utepe kwenye viganja vyake, akaangalia paa la basi, halafu akafanya ishara ya msalaba.

"Hii ni gari ya maiti," akasema.

"Mama, gari ni gari," Papa akajibu.

"Angalia muzuri. Hizi nyeupe ni za batu ba kubeba sanduku. Huu utepe ni wa shada ya maua, jina ya marehemu iko juu. Kule kwenye paa njo banaweka maua. Na mwenyewe njo huyu." Akaigonga picha kwa kidole. "Masikini, alikuwa angali kijana."

Papa akasema labda ni mgombea wa kura, maana na kwetu wagombea hubandika nyuso zao mpaka kwenye milango ya vyoo. Koko akamtazama kwa huruma. "Nimero yake iko wapi?" Kweli, namba haikuwapo. Kwetu mgombea bila namba hajulikani, hata awe mzuri namna gani, maana wengi huikumbuka namba yake kuliko jina lake. Kuanzia saa ile Mjapani akawa marehemu.

Koko hakupanda basi. Alisema mwenye gari lazima kwanza aombewe misa, si vizuri kubeba watu katika gari la mtu ambaye hukumwambia hata asante. Habari ikatembea, kama ilivyo Majengo, na kufikia siku ya pili abiria walikuwa wanachungulia ndani, wanauliza, "Njo ile gari ya marehemu?" kisha wanapanda pikipiki. Papa alisonya, akasugua viti upya, akabaki anangoja. Sisi tuliibandika picha sebuleni, kando ya picha ya Babu aliyekuwa amefariki msimu wa mvua uliotangulia, ili asikae peke yake ugenini. Mama, aliyekuwa akitoka alfajiri kwenda soko la ziwani Kituku kununua sambaza, samaki wadogo, za kuuza, alisema ukuta wake sasa unatosha wafu. Mimi nilimpenda. Kila nilipotoka shule nilimsalimia Babu, kisha nikamsalimia yeye, nikamweleza nilivyofanya kwenye hesabu. Alisikiliza vizuri kuliko Babu, nadhani kwa sababu ya yale masikio.

Hapo nimefika kwenye jambo lenyewe. Babu alikuwa ameishi miaka mingi akiwa shefu wa avenyu yetu, yaani mkuu wa mtaa, na kabla yake baba yake alikuwa shefu katika kijiji chao upande wa Butembo. Kwenye kibaraza chetu kulikuwa na kiti chake chenye mikono, na watu walikuja kwake na kila kitu: ukuta wa mawe meusi uliosogezwa usiku hatua moja ndani ya ua wa jirani, mbuzi aliyekula shuka, bwana na bibi waliorushiana sufuria. Alimtaka Papa akae kando yake siku za Jumapili ajifunze. Papa alichukia. Mara ya mwisho walipogombana nilikuwepo, na Papa alisema, "Miye ninaendesha magari. Siwezi kuendesha midomo ya batu." Akaondoka kwenda Rutshuru. Mvua ikaharibu barabara, akakaa huko siku tatu, na aliporudi alikuta wanawake wanalia uani kwetu.

Tangu siku ile hakukikalia kile kiti. Hata kukisogeza ili afagie chini yake alimwachia mtu mwingine. Avenyu ilikaa bila shefu, na kila Jumapili baada ya misa Muzee Paluku, rafiki wa Babu, mtu mpole mwenye kikohozi, alikuja na wazee wawili kumwomba Papa. Papa aliwapa chai na kuwanyima jibu. Jumapili moja Muzee Paluku alisema, "Mutoto wangu, ofisi ya komini inatuuliza jina. Wakituletea mugeni hatatujua. Tupatie tu foto mbili za pasipoti, zingine tutafanya siye." Papa aliwaongezea chai. Mwishowe alitoa bahasha yenye picha alizopiga kwa ajili ya leseni yake, akaiweka juu ya kabati, akasema, "Mukuye Jumapili. Nitafikiri."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nikaangalia ukuta. Babu alikaa kwenye kile kiti, sasa ni picha. Kando yake kijana wa Japani, naye ni picha. Na sasa wanamwomba Papa kiti, na wanataka picha. Kwa akili yangu ya miaka tisa hapakuwa na la kuuliza: anayefuata ukutani ni Papa. Walipotoka nilipanda juu ya kigoda, nikachukua bahasha, nikatoa picha, nikazitia ndani ya glavu moja nyeupe, nikaificha nyuma ya pipa la maji. Nilikuwa na hofu, lakini nilijiona mtu mkubwa sana. Nilikuwa nimemwokoa baba yangu na wazee hawakujua.

Katikati ya wiki Koko alinichukua twende parokiani kuombesha misa. Nilibeba picha, imeviringishwa kwenye kitenge. Katibu alichukua daftari akauliza, "Jina ya marehemu?"

"Andika: Marehemu wa Japani."

"Koko, Japani ni kubwa."

Walibishana hapo mpaka padri mzee akatoka chumbani kwake kuona kelele ni za nini. Alikuwa Mwitaliano aliyezeekea kwetu, na sisi tulidhani amezaliwa akiwa padri wa Goma. Koko alikunjua picha mezani. Padri akavaa miwani, akainama, na midomo yake ikaanza kutoa maneno ambayo sijawahi kuyasikia. Akasoma mpaka chini. Kisha akaanza kucheka, akavua miwani, akajifuta macho, akaendelea kucheka. Kumbe kabla ya Kongo alikuwa ametumwa Japani, na huko aliacha ujana wake.

"Mama, nani alikuambia huyu amekufa?"

"Gari yake iko kwetu, Padri. Na vile vyeupe vya mikono vya kumubeba."

"Huyu mutu eko muzima kabisa. Anaomba kura."

"Bila nimero?" Koko akauliza, kwa sauti ya mtu asiyedanganywa kirahisi.

Padri akamweleza kwamba kule mpiga kura anaandika jina la mtu kwa mkono wake. Akaeleza kwamba mgombea huzunguka na gari lenye vipaza sauti juu ya paa, anapunga mkono dirishani, na glavu anavaa ili mkono uonekane kutoka mbali. Utepe alijivika begani ili jina lake lisomeke. Koko alisikiliza yote akiwa ameshika kidevu. Nilimwona anavyoumia, maana alikuwa amekwisha kumwimbia yule kijana nyimbo tatu.

"Na hapa chini ameandika nini?"

Padri akasoma polepole. "Anasema babu yake alikuwa depute wa bunge. Baba yake naye alikuwa depute, na amekufa angali kazini. Anaomba batu bamuamini pale baba yake alikuwa."

Koko akaweka mkono juu ya karatasi, kwenye kifua cha yule kijana. 

"Basi marehemu eko," akasema. Akamgeukia katibu. "Misa haipotee. Andika: baba ya huyu mutoto. Na chini yake andika bwana yangu. Basomewe pamoja."

Njiani Koko alitembea haraka, kama ana chungu motoni. Mimi nilikokota miguu. Ungedhani ningefurahi kwamba rafiki yangu ni mzima, lakini nilikuwa nimesikia neno moja tu katika yote aliyosema padri. Babu yake alikaa kwenye kile kiti akafa. Baba yake akakaa akafa. Sasa na yeye anakiomba. Basi ni kiti chenyewe, nilijiambia, kila mahali ni kiti chenyewe, na nikaapa kwamba zile picha hazitatoka nyuma ya pipa.

Papa alikuwa uani, ameegemea basi lake. Koko alimpa habari yote, na Papa hakucheka. Aliichukua karatasi akaiangalia kama anamwona yule mtu kwa mara ya kwanza.

"Baba yake amekufa, na yeye anazunguka na micro juu ya gari anaomba nafasi yake? Hakusikia haya?"

"Haya ya nini?"

"Labda waliachana muzuri," Papa akasema. "Labda kwa siku ya mwisho hakumutupia maneno mabaya."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Papa alikuwa na kidonda. Koko naye, nadhani, ndipo alipokiona vizuri. Aliketi kwenye ngazi ya basi, lile alilokataa kulipanda.

"Siku ile papa yako alikula mapema," akasema. "Nikamupakulia. Akaniuliza, ya mutoto iko wapi? Nikamuambia umeenda na hasira, barabara imefungwa, hautarudi leo. Akasema, funika yake hata hivyo. Akakata bugali yake mwenyewe nusu, na samaki, akafunika na sahani. Mutu mwenye umekasirikia hauwezi kumubakishia chakula. Alilala akijua utakuya."

"Kwa nini haukuniambia?"

"Haukuniuliza. Kila siku ulikuwa unakimbia na magari ya batu. Na miye pia nilikuwa nimekukasirikia."

Papa aliingia ndani ya basi, akakaa kwenye usukani, akalaza kichwa. Koko alinishika mkono, tukaenda kumenya ndizi, tukamwacha alie. Nilikuwa sijawahi kusikia mwanamume analia, na nilimpenda siku hiyo mpaka kifua kiliniuma.

Jumapili misa ilisomwa. Majina mawili yalifuatana, la Babu, na "baba wa kijana wa Japani", na kanisa zima likageuka kututazama. Koko alikuwa amekuja kwa basi, kiti cha mbele, ili avenyu nzima ione. Tuliporudi, Muzee Paluku na wenzake walikuwa tayari kibarazani. Papa aliwasalimia kwa furaha, akaingia kuchukua bahasha. Ilikuwa juu ya kabati, tupu.

Walitafuta. Mama alitoa nguo zote kabatini, Koko akainua magodoro, hata mdogo wangu, ambaye alikuwa hajaanza shule, akatambaa chini ya meza akitafuta asichokijua. Mimi nilisimama kando ya pipa. Nilingoja Papa akasirike. Hakukasirika. Alikaa chini na ile bahasha tupu mkononi, na nikaona uso wake unarudi kuwa ule wa zamani.

"Muache," akawaambia. "Ni papa yangu. Muzee mwenyewe anakatala. Amezichukua ili nijue."

"Usiseme hivyo," Koko akasema, lakini na yeye aliogopa. Hayo ni mambo aliyoyaamini.

Hapo nilikuwa na vitu viwili vya kuchagua, na vyote vilinitisha. Nikitoa picha, Papa atakufa. Nisipotoa, ataishi akidhani baba yake amemkataa. Nilimwangalia alivyokaa, mabega yameanguka, na nikaona kwamba namna hiyo pia ni kufa. Nikaingiza mkono nyuma ya pipa.

Glavu ilikuwa imelowa. Picha zilitoka zimeshikana, uso wa Papa umevimba na rangi imekimbia. Nilizitia mkononi mwake na maneno yote yakanitoka kwa mkupuo, ukuta, kiti, babu wa Mjapani, baba wa Mjapani, "na siye hatutaki uende ukutani, Papa, tunataka ukae hapa." Muzee Paluku alikohoa, akageukia barabarani. Mama alifunika mdomo. Nilifumba macho kungoja kofi.

Papa alinivuta akanikalisha juu ya goti lake. Alikuwa anatetemeka, na nilidhani ni hasira, kumbe alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Njo weye?" akasema. "Haikuwa Muzee? Ni weye?" Akarudia mara nyingi, kana kwamba hakuna jina zuri kuliko hilo. Kisha akainuka, akanibeba ingawa nilikuwa mkubwa, akatoka kibarazani, akakaa kwenye kiti cha baba yake na mimi mapajani. "Unaona?" akaniuliza. "Ningali hapa."

Kesho yake alinipeleka kwa mpiga picha, kibanda cha mbao chenye shuka jeupe lililotundikwa kwa misumari. Alisema lazima niwepo, nione kwa macho yangu kwamba picha haiondoi mtu. Alikaa kwenye stuli. Ndani mlikuwa na giza kidogo, na mpiga picha alimwambia, "Papa, usitikisike." Papa alinitazama mimi, si kamera. Akavuta pumzi kubwa mpaka mabega yakapanda, akaishusha, akavuta nyingine, makusudi, ili nione. Picha ikatoka uso uko wazi, mabega yana ukungu. Mpiga picha alitaka kuirudia. Papa akakataa, akasema hiyohiyo ndiyo aitakayo. Karani wa komini aliikunjia uso, lakini akaigonga muhuri.

Papa alikuwa shefu wetu mpaka mwisho wake. Alikuwa mkali kwa wanaosogeza kuta na laini kwa wanaorushiana sufuria, na basi aliliendesha siku zote isipokuwa Jumapili. Papa alimwita yule Mjapani "mwenzangu". Padri mzee alimwandikia rafiki yake wa kule kuuliza habari, na siku jibu lilipofika Papa alirudi nyumbani mnyonge: "Mwenzangu ameshindwa. Batu walimuambia angali mutoto." Mara ya pili mwenzake akashinda, na tukala nyama. Simu zenye mtandao zilipokuja, mimi na mdogo wangu ndio tuliomtafutia: sasa yuko kwenye kamati hii, sasa amekuwa naibu wa waziri, sasa wamemsema vibaya magazetini. Papa aliguna, akasema, "Midomo ya batu," kama mtu anayeijua kazi. Hawakuwahi kuonana, na yule bwana hatajua kamwe kwamba kuna mtu Goma alimwombea kwa jina la baba yake kila mwaka.

Papa alipofariki, watu wa matanga walituuliza picha ya kutanguliza mbele ya jeneza. Tulikuwa nazo nzuri, za harusi, za ubatizo, moja amevaa suti kando ya basi. Mdogo wangu aliniangalia, nikamwangalia, tukampa fundi ile ya komini aikuze. Ilivyokuzwa, ukungu wa mabega ukakua nao, na wageni wakawa wananong'ona kwamba watoto wa shefu wamekosa hata picha moja safi. Jirani mmoja alinijia, kwa upole, akaniuliza kwa nini tumechagua ile mbovu. Nilimwambia, "Kwa hii anapumua."